Mandhari ya Moshi na Arusha kwa nyeusi na nyeupe: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua saa hadi kuchapa

Mwishoni mwa mwaka mikrismasi ya kando ya barabara za Moshi huchanua maua mekundu ambayo abiria huyaona akiwa bado mbali ndani ya daladala. Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga picha nyeusi na nyeupe nilisimama chini ya mmoja wa miti hiyo kwa karibu nusu saa, nikapiga fremu zaidi ya arobaini, nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyevuna. Nilipoziondoa rangi kwenye kompyuta, mti wote ulikuwa umegeuka tope. Maua na majani yalikuwa na kijivu kimoja, na pale jicho langu lilipokuwa limeona moto hapakuwa na kitu cha kuonyesha ua linaishia wapi na jani linaanzia wapi. Wekundu ule na ukijani ule vilitofautiana kwa rangi tu. Kwa kiasi cha mwanga vilikuwa sawasawa.

Tangu hapo nimeichukulia kazi hii kuwa kazi ya kutenganisha. Mpiga picha wa rangi huachiwa na rangi zenyewe nusu ya kazi hiyo, kwa sababu theluji, anga, msitu na mgomba tayari vimetofautiana. Anayepiga kwa nyeusi na nyeupe lazima ahakikishe, kabla hajabonyeza, kwamba kila kitu muhimu ndani ya fremu kina kijivu chake, kizito au chepesi kuliko cha kitu kilicho nyuma yake. Yote yanayofuata hapa chini, kuanzia saa ya kutoka nyumbani hadi karatasi ya kuchapia, yanatumikia jambo hilo.

Kulizoesha jicho

Anza na mpangilio wa kamera. Iweke katika hali ya picha nyeusi na nyeupe ili kioo cha nyuma kikuonyeshe kijivu tangu mwanzo, lakini hakikisha faili zinahifadhiwa katika mfumo wa RAW, yaani faili ghafi, kwa sababu ndani yake taarifa zote za rangi hubaki salama hata kama unachokiona kwenye kioo hakina rangi. Ukihifadhi JPEG, yaani faili ya kawaida iliyokwisha kuchakatwa na kamera, peke yake katika hali hiyo, rangi zinatupwa palepale na hakuna programu itakayozirudisha. Nimewahi kupoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kusahau hatua hii moja, na ndiyo maana naitaja kabla ya kutaja lenzi.

Zoezi la pili halihitaji mlima. Weka mezani nyanya mbivu, pilipili hoho ya kijani na ndizi mbivu, kisha uzipige zikiwa kwenye kivuli cha dirisha. Utakuta ndizi imejitokeza peke yake kwa weupe, ilhali nyanya na hoho zimekaribiana mno. Sasa zigeuze, mwanga wa dirisha uzipige kwa ubavu, na utaona kwamba kila moja imepata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mpaka kati yao umerudi ingawa kijivu chake ni kilekile. Aliyelielewa zoezi hili la mezani ameelewa kwa nini saa 1 asubuhi ni tofauti na saa 6 mchana.

Ukiwa nje bila kamera, kunja macho hadi yabaki wazi kidogo tu. Maelezo madogo hupotea, na kinachobaki ni mabonge ya mwanga na giza. Kama mabonge hayo hayana mpangilio wowote, picha haipo bado.

Majira, saa na upande wa jua

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na hata sisi wenyeji tunakosea kwa kuizoea milima yetu kupita kiasi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kipo karibu kaskazini kamili mwa mji wa Moshi. Maana yake ni kwamba ukiutazama mlima kutoka mjini, jua la asubuhi linatoka mkono wako wa kulia na la jioni linazama mkono wako wa kushoto, na nyakati zote mbili mlima unapata mwanga wa ubavu unaochonga mabonde na migongo yake. Hata hivyo, jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Desemba na Januari huchomoza likiwa limeelekea kusini mwa mashariki, hivyo huuangaza uso wa kusini wa Kibo, ule unaoonekana Moshi, pamoja na barafu zake zinazoning'inia. Mwezi Juni na Julai huchomoza kaskazini mwa mashariki, na uso huohuo hubaki kivulini kwa sehemu kubwa. Mlima unakuwa mzito, mweusi, wenye ukingo mwembamba wa mwanga upande wa kulia. Picha zote mbili ni nzuri, ila ni mbili tofauti, na anayetaka moja asiende katika mwezi wa nyingine.

Kwa mtu wa Arusha hesabu inabadilika. Mlima Meru upo kaskazini mwa mji, umeelekea kidogo mashariki, kwa hiyo asubuhi, hasa katikati ya mwaka, jua linakuwa nyuma yake na unapata umbo jeusi tu. Jioni ndipo miteremko inayoutazama mji inapopata mwanga. Tukio la kale la kubomoka liliuacha mlima huo wazi upande wa mashariki, na anayetaka kuona ndani ya shimo lake, na kilima cha majivu kilichomo, aende upande wa Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na awe pale mapema, jua la asubuhi likiingia moja kwa moja. Mahali ninapopapenda kuliko pote ni uwanda wa Sanya, kati ya milima miwili, ambako mtu husimama mahali pamoja siku nzima: asubuhi anageukia Meru, jioni anageukia Kibo.

Mawingu nayo yana ratiba. Jua linapopasha miteremko joto, hewa yenye unyevu hupanda kutoka uwandani, hupoa ikiwa juu na kugeuka wingu, na ndiyo sababu siku nyingi mlima hujifunika kuanzia saa 3 au saa 4 asubuhi. Jioni miteremko ikipoa hewa hugeuka na kushuka, na mlima hufunguka tena. Siku moja nilikuwa Uru, kwenye njia ya Materuni, nimeinama kwenye mgomba baada ya kukata tamaa na Kibo, mzee mmoja akapita akielekea kwenye mfongo wake, yaani mfereji wa kumwagilia, na jembe begani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unapiga migomba, mlima uko huku?”

“Umejifunika tangu asubuhi, mzee.”

Alisimama, akanyanyua uso kama mtu anayesikiliza. “Ngoja upepo ushuke,” alisema, akaendelea na safari yake. Upepo ulishuka mnamo saa 11:30 jioni, na wingu likapasuka katikati, likaacha kilele juu na vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani ya Wachaga, chini, kila kimoja na kijivu chake. Sijaondoka mlimani mapema tena.

Kwa upande wa majira, Januari na Februari huwa na anga safi, ingawa vumbi huongezeka kadiri ukavu unavyosonga. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu mazito ya tabaka moja ambayo huufunika mlima siku kadhaa mfululizo. Wengi hukaa nyumbani, lakini huo ndio wakati wa kuingia msituni na kwenye vihamba, kwa sababu mwanga mpole wa wingu hauachi madoa makali chini ya majani. Masika na vuli ndiyo misimu ninayoingojea. Mvua huosha vumbi hewani, mawingu huwa na umbo, na Kibo hupata theluji mpya. Theluji hiyo ina umuhimu wake, maana zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo kileleni mwaka 1912 imeshatoweka, na weupe mpana unaojaza fremu siku hizi mara nyingi ni wa mvua ya usiku wa jana, ambao jua litauyeyusha baada ya siku chache.

Vifaa, na zaidi filta

Sitakaa sana kwenye kamera. Yoyote inayotoa faili ghafi inatosha, na simu nyingi za sasa zina hali ya kitaalamu inayofanya hivyo. Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima alfajiri, na iwe nzito kiasi cha kutotikiswa na upepo wa uwandani. Lenzi pana inafaa vihambani. Kwa mlima wenyewe napendelea lenzi ndefu kidogo, kati ya milimita 70 na 200, kwa sababu lenzi pana huufanya mlima mkubwa kuliko yote Afrika uonekane kama kichuguu.

Filta ndizo zinazostahili maneno. Filta ya rangi hupitisha mwanga wa rangi yake na kuzuia ule wa rangi iliyo kinyume nayo. Nyekundu huzuia bluu, kwa hiyo anga huwa jeusi na mawingu meupe hujitokeza. Ya njano hufanya hivyo kwa upole. Ya kijani huyapa majani weupe zaidi. Ansel Adams, Mmarekani ambaye jina lake halikwepeki katika kazi hii, alikuwa Yosemite mwaka 1927 akiwa amebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia. Cha kwanza alikipiga kwa filta ya njano, akahisi anga litatoka jepesi kuliko lilivyomgusa, akaweka filta nyekundu nzito na kukitumia cha mwisho. Anga lilitoka karibu jeusi na mwamba ukasimama mbele yake.

Anayetumia kamera ya dijitali hana haja ya kununua filta hizo za rangi, kwa sababu faili ghafi humruhusu kufanya kazi hiyohiyo baadaye kwenye kompyuta. Filta moja tu haiwezi kuigwa na kompyuta, nayo ni polaraiza, ile inayozungushwa mbele ya lenzi kuchuja mwanga uliotawanyika au kuakisiwa. Hiyo hufanya kazi kwa nguvu zaidi kamera inapokuwa imeelekea nyuzi 90 kutoka jua lilipo, na hapa Moshi ina bahati ambayo sijaona ikisemwa: mtu anayetazama kaskazini huku jua likiwa mashariki au magharibi yuko karibu kabisa na nyuzi hizo. Asubuhi na jioni, polaraiza hulifanya anga la nyuma ya Kibo liwe zito, na theluji ikatengana nalo bila ujanja mwingine. Onyo ni moja: kwenye lenzi pana athari yake haisambai sawasawa, na anga hutoka na doa jeusi katikati.

Ikumbukwe pia kwamba filta nyekundu, au kazi yake kwenye kompyuta, hupunguza ule ukungu wa bluu wa mbali unaofifisha mlima siku za jua. Haipunguzi vumbi wala moshi wa mashamba yanayochomwa. Siku ya vumbi ipokee kama ilivyo, uache milima ya mbali iwe tabaka za kijivu zinazofifia moja nyuma ya nyingine. Ukiwa Longido au Monduli unaweza kuhesabu nne au tano.

Kupanga fremu

Chagua kwanza kitu kimoja ambacho ndicho picha, kisha ujiulize kiko juu ya nini. Mgomba mbele ya msitu ni kijivu juu ya kijivu. Mgomba uleule, ukipiga magoti ili jani lake liangukie kwenye anga, unakuwa umbo. Jani la mgomba lililopasuliwa na upepo, jua likiwa nyuma yake, huangaza kama karatasi ya taa huku mshipa wake wa kati ukibaki mweusi, na hilo peke yake linaweza kuibeba sehemu ya mbele ya picha nzima. Kutembea hatua tatu kushoto mara nyingi kunatenganisha vitu kuliko filta yoyote.

Maji husaidia pia. Ziwa Duluti pale Tengeru huwa tulivu alfajiri kabla upepo haujaamka, na bwawa la Nyumba ya Mungu lina uwanda mpana wa maji unaoitanguliza milima ya mbali. Kwenye maporomoko ya Materuni, shata (muda ambao kamera inaachia mwanga uingie) ya kati ya nusu sekunde na sekunde 2 huyafanya maji kuwa pazia jeupe juu ya mwamba mweusi. Ukizidisha sana, maji hupoteza nyuzi zake na kubaki kama pamba. Nenda siku ya mawingu, kwa sababu jua la mchana likipenya majani huacha madoa meupe kwenye mwamba uliotakiwa kuwa mweusi.

Na kabla ya kuingia kihambani, salimia na uombe. Njia inayoonekana ya wote mara nyingi hupita kwenye shamba la mtu.

Kupima mwanga

Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), na uache shata iamue yaliyobaki. Usifunge tundu kupita f/16 kwa tamaa ya ukali, kwani mwanga unaopita kwenye tundu dogo sana hutawanyika na picha nzima hulegea. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wako usitikise stendi.

Kipimo cha kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu cha kati. Kikielekezwa kwenye theluji peke yake kitaifanya iwe ya kijivu, na kikielekezwa kwenye msitu kitaufanya uwe mwepesi kama ukungu. Kwa hiyo pima kwenye theluji kwa kipimo cha doa, kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, kisha ongeza mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu huuzidisha mwanga mara mbili). Theluji itakuwa nyeupe huku mikunjo yake ikibaki. Halafu tazama histogramu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia. Ikigusa ukuta wa kulia, punguza, maana weupe uliochomeka hauna kitu ndani yake na hautarudi. Wenye simu wabonyeze kwenye sehemu nyeupe kuliko zote, kisha washushe mwanga kidogo kwa kidole.

Jua linapochomoza, mnamo saa 12:30 asubuhi, kilele hupata mwanga wakati vihamba bado ni usiku, na kamera haiwezi kushika vyote viwili. Unaweza kupiga fremu mbili na kuziunganisha baadaye. Mimi mara nyingi nauacha msitu uwe mweusi kabisa, kwa sababu ndivyo jicho linavyouona saa hiyo, na mweusi mpana chini ya fremu huipa theluji mahali pa kusimama.

Kazi ya mezani

Programu unayotumia, iwe Lightroom, darktable ya bure au Snapseed ya kwenye simu, haibadilishi mpangilio wa kazi. Kwanza rekebisha picha ikiwa bado ya rangi: nyoosha upeo wa macho, futa madoa ya vumbi la sensa (kifaa cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ambalo kwenye anga la kijivu huonekana kama nzi. Kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwa njia inayokupa kidhibiti cha kila rangi. Usitumie kitufe cha kuondoa rangi kwa mkupuo, kwani hicho ndicho kilichoniletea lile tope la mkrismasi.

Shusha bluu ili anga liwe zito, lakini taratibu, huku ukikagua picha kwa ukubwa kamili. Ukiishusha sana, anga hujaa chenga na ukingo wa mlima huota mstari mweupe usiokuwepo. Kwa majani, wengi hukimbilia kidhibiti cha kijani na kushangaa kwamba hakibadilishi mengi. Sehemu kubwa ya mwanga unaotoka kwenye majani kamera huihesabu kuwa njano, kwa hiyo gusa njano kwanza. Mikrismasi ile niliirudia kwa njia hii, faili zikiwa za RAW safari hii: nilipandisha nyekundu, nikashusha kijani na njano, na maua yakatoka meupe juu ya majani yaliyokaribia weusi.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kuangaza na kutia giza sehemu moja moja kwa brashi laini, kama walivyofanya wasafishaji wa picha kwa mikono yao chini ya taa ya chumba cha giza. Angaza kidogo mgongo wa bonde ambao jua limeugusa, tia giza kona inayovuta jicho bila sababu. Ukimaliza, iache picha hadi kesho yake. Nusu ya marekebisho ya usiku huonekana ya kupindukia asubuhi.

Kuchapa

Kioo cha kompyuta huwa kinang'aa kuliko karatasi yoyote, kwa hiyo picha iliyopendeza ukiwa umepandisha mwangaza wa kioo itatoka nzito. Punguza mwangaza hadi karatasi nyeupe iliyo pembeni ya kompyuta ilingane nao kwa macho, ndipo uamue. Mara ya kwanza kupeleka picha kwenye duka la kuchapa mjini niliagiza nakala kumi kubwa kwa mpigo, na zote zilirudi na ukijani kama zimekaa chini ya maji, kwa sababu mashine ilikuwa inajenga kijivu kwa wino za rangi. Siku hizi naomba kwanza kipande kidogo, chenye theluji, anga na msitu pamoja, nakitazama nje kwenye mwanga wa mchana na siyo chini ya taa ya dukani, na kama kina rangi yoyote narudi na kuomba mchapaji atumie wino mweusi na kijivu, kama mashine yake inao. Karatasi isiyong'aa huuzima mweusi kidogo lakini haiakisi dirisha, nayo naipendelea kwa picha za ukungu; kwa Kibo chenye anga jeusi nachagua yenye mng'ao wa wastani.

Acha ukingo mweupe wa angalau sentimita 3 pande zote, na kama imechapwa kwa mashine ya wino iache ikauke siku nzima kabla ya kuifunika kwa kioo cha fremu, maana unyevu wa wino ukifungiwa ndani hujitokeza baadaye kama ukungu upande wa ndani wa kioo, na mara nyingi hutua palepale penye anga.